Kabla ya Kukata



Mwezi huu tunataka kuwasimulia kosa letu wenyewe. Hatulisimulii ili tusifiwe kwa unyenyekevu. Tunalisimulia kwa sababu kila kikundi cha vijana kinachopokea kazi kutoka mikononi mwa wazee kiko karibu sana na kosa hili, na sisi tulilitenda tukiwa na nia njema, tena tukiwa tumefurahi.

Katika chama chetu cha walei tuko sita tuliojifunza kuandika programu za kompyuta. Miaka michache iliyopita tulikabidhiwa utunzaji wa programu ndogo inayohifadhi madaftari ya sakramenti: ubatizo, kipaimara, ndoa, pamoja na daftari la marehemu. Programu hiyo ni huria. Maana yake ni kwamba msimbo wake, yaani maagizo ambayo mwandishi huiandikia kompyuta mstari kwa mstari, uko wazi kwa wote: anayetaka anaweza kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kumgawia jirani. Aliyeianza alikuwa kijana wa parokia kama ninyi. Alipoondoka kwenda masomoni mbali, waliomfuata waliongeza kila mmoja kipande chake, nao wakaondoka. Tulipoipokea, parokia kadhaa zilikuwa zikiitumia, na hapakuwa na hata mmoja wa wale wa kwanza aliyebaki kutueleza chochote.

Tulipoufungua msimbo huo tulijikuta kama wajukuu walioingia katika ghala la babu aliyefariki. Hapa palikuwa na kipande kilichoandikwa kwa ajili ya aina ya mashine ya kuchapia ambayo haionekani tena katika ofisi yoyote. Pale palikuwa na kingine cha kuhifadhi nakala kwenye disketi, kitu ambacho wadogo zetu hawajawahi kukishika. Vipande vingi havikuwa na neno moja la maelezo. Tukaamua kusafisha.

Kusafisha kwenyewe hakukuwa kosa. Msimbo usiotumika haukai kimya kama kuni za akiba. Kila mstari unaobaki humlazimu anayekuja kuusoma, kuulinda, na kuupatanisha na mistari mipya; na usipokuwa na mlinzi unaweza kugeuka mlango wa nyuma wa mwizi. Mwezi wa Aprili 2014 ulimwengu ulijifunza jambo hilo kwa uchungu. Katika OpenSSL, programu huria inayolinda siri ya mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, liligunduliwa kosa lililopewa jina la Heartbleed. Lilikuwa limejificha katika huduma ndogo ambayo wachache sana waliihitaji, lakini iliyokuwa imewashwa kwa wote tangu toleo la Machi 2012. Kwa miaka miwili, yeyote aliyelijua kosa hilo angeweza kuchota vipande vya kumbukumbu ya mashine za mbali, hata maneno ya siri ya watu. Mwezi huo huo watunzaji wa OpenBSD walichukua nakala ya msimbo ule wakaanza kuupogoa. Waliondoa makumi ya maelfu ya mistari, mingi ikiwa ya kuhudumia mashine ambazo karibu hakuna mtu aliyekuwa nazo tena. Kazi yao ikaitwa LibreSSL.

Wala hawakuwa wa kwanza. Linus Torvalds alianza kuiandika Linux mwaka 1991 kwenye kompyuta yenye chipu ya 386. Mwishoni mwa mwaka 2012, mistari yote iliyoihudumia chipu hiyo iliondolewa katika Linux, na mwanzilishi mwenyewe akakubali. Nyumba aliyozaliwa mtoto ilibomolewa kwa idhini ya baba, kwa sababu mtoto alikuwa amekua na nyumba ilikuwa ikimzuia kutembea. Tuliposoma habari hizo tulitiwa moyo. Tukajiambia: nasi tutakuwa na ujasiri huo.

Katika usafishaji wetu tukafika kwenye kipande cha mistari 41. Hakikuwa na jina la mwandishi wala sentensi moja ya maelezo. Kilisema jambo lililotuchekesha: ikiwa mwaka wa ubatizo ni kati ya 1972 na 1990, na nafasi ya jina la ubatizo ni tupu, basi programu ilichukue jina hilo katika safu ya maandishi ya pembeni. Kwa nini 1972? Kwa nini 1990? Kwa nini mtu atafute jina mahali pasipo pa majina? Tulidhani kwamba mwandishi alikuwa akijaribu kitu fulani, akasahau kukifuta.

Hata hivyo hatukukata kwa pupa, au ndivyo tulivyofikiri. Tulitumia chombo kinachoonyesha ni mistari ipi inayofanya kazi wakati wa majaribio na ni ipi isiyoguswa kamwe. Tukafanya majaribio yetu yote. Mistari ile 41 haikuguswa hata mara moja. Kwetu huo ukawa ushahidi wa kutosha. Tukaifuta, tukatoa toleo jipya, parokia zikalipokea. Jioni ile tulinunuliana soda tukapongezana, maana programu ilikuwa nyepesi zaidi na msimbo wake ulisomeka vizuri.

Jambo moja hatukujiuliza: majaribio yetu tuliyatengeneza kwa orodha ya nani? Tulikuwa tumeyatengeneza kwa orodha ya wadogo zetu, watoto waliobatizwa tangu mwaka 2005. Chombo kilitujibu kweli tupu. Mistari ile haikuwa imefanya kazi mbele ya watu tuliowaweka mbele yake. Wazazi wetu hatukuwa tumewaweka.

Miezi minne baadaye mama mmoja alifika ofisini kwa katibu wa parokia. Alikuwa amebatizwa mwaka 1978 akiwa mtoto mchanga. Yeye na mume wake walikuwa wameishi pamoja miaka mingi kwa ndoa ya kimila, wakalea watoto watano, na sasa waliamua kuibariki ndoa yao kanisani. Kijana wao wa kwanza anafanya kazi katika migodi ya Kolwezi. Alikuwa amepata likizo, akasafiri safari ndefu na ya gharama ili awaone wazazi wake mbele ya altare. Kilichokosekana kilikuwa kitu kimoja tu, cheti cha ubatizo cha mama.

Katibu akaandika mwaka, akaandika jina. Kompyuta ikajibu kwamba hayupo. Akajaribu kwa jina la baba yake. Hayupo. Mama akarudi wiki iliyofuata, akaambiwa vile vile. Sheria ya Kanisa haimfungii mtu mlango kwa kukosa karatasi. Shahidi mmoja wa kuaminika anatosha kuthibitisha ubatizo. Lakini wazazi wa mama huyo walikuwa wamefariki, na msimamizi wake wa ubatizo pia. Madaftari ya karatasi yalikuwa ndani ya sanduku katika nyumba ya mapadri, na hakuna aliyefikiri kuyafungua, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tumewafundisha makatibu kwamba kila kitu kimo katika mashine. Kwa hiyo mwanamke aliyekuwa akisali katika kanisa lile tangu utoto wake alianza kuulizwa kwa upole kama ana hakika kwamba amebatizwa. Alituambia baadaye kwamba usiku ule hakulala. Alijiuliza kama mama yake alimdanganya.

Aliyelifungua fundo hilo ni katekista mmoja mzee, ambaye sote tunamwita Mwalimu. Aliposikia habari zile baada ya Misa alicheka kwanza, kisha akanyamaza. Akasema, "Lakini mimi nilikuwepo. Ndiye mimi niliyeshika mshumaa." Akaomba ufunguo wa sanduku, akalitoa daftari la 1978, akatuita tusogee karibu. Katika safu ya majina palikuwa na jina la Kiafrika peke yake. Nafasi ya jina la mtakatifu ilikuwa tupu. Pembeni kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na neno moja: jina lile ambalo mama huyo ameitwa maisha yake yote.

"Watoto wangu," akasema Mwalimu, "ninyi hamkuuona mwaka 1972."

Kweli hatukuuona, na shuleni tuliupita haraka. Mwaka 1971 nchi yetu ilikuwa imepewa jina la Zaire. Mwaka uliofuata, kwa jina la siasa ya uhalisi wa Kiafrika, utawala wa Mobutu uliwaamuru raia waache majina yao ya Kikristo, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo. Kardinali Joseph Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alipingana na siasa hiyo, na mwaka huo huo wa 1972 alilazimika kuondoka nchini na kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Utawala wa chama kimoja ulitangazwa kwisha tarehe 24 Aprili 1990, na majina yale yakarudi hadharani. Katika miaka iliyokuwa katikati, Mwalimu alitueleza, karani wa parokia yetu aliacha nafasi ya jina la ubatizo wazi, ili mtu wa chama akilitaka daftari asione kosa, kisha akaliandika jina la mtakatifu pembeni. Waliohamishia madaftari katika kompyuta walinakili kila safu kama ilivyokuwa. Programu, ilipoona nafasi ya jina ni tupu, ilimhesabu mtu huyo kama asiyebatizwa bado, na haikumwonyesha. Mistari ile 41 ndiyo iliyokuwa ikimrudishia jina lake.

Tulimwuliza Mwalimu kwa nini jambo zito namna hii halikuandikwa popote. Akajibu bila kujitetea: "Yule kijana wa kwanza nilimweleza kwa mdomo, naye akaandika katika mashine. Nilidhani mashine inakumbuka. Tena sisi tulizoea kutoyaandika mambo hayo. Kuyaandika kulikuwa hatari."

Maneno hayo tumeyabeba tangu siku ile. Ukimya uliowalinda watoto wa 1978 ndio uliomtesa mmoja wao mbele ya meza ya katibu zaidi ya miaka arobaini baadaye. Wazee walinyamaza kwa upendo. Lakini hatari ilipokwisha, hakuna aliyeuvunja ukimya, na sisi tuliokuta ukimya tukaudhania kuwa ni utupu.

Kurekebisha msimbo hakukuwa kazi. Watunzaji wa programu hutumia chombo kiitwacho Git, ambacho Torvalds huyo huyo alikianzisha mwaka 2005, na ambacho huhifadhi historia ya kila badiliko. Kilichofutwa jana kinaweza kuitwa leo. Tuliirudisha mistari ile kwa dakika chache, tukaziandikia parokia zote zilizokuwa na toleo letu, tukakiri kosa na kueleza sababu yake. Cheti kikatoka. Ndoa ikafungwa, na ilikuwa sherehe nzuri. Lakini likizo ya yule kijana ilikuwa imekwisha siku tisa kabla. Alisikiliza nadhiri za wazazi wake kwa simu, akiwa Kolwezi, na simu ilikatika mara mbili. Hakuna chombo tunachokijua kinachoweza kuirudisha siku hiyo.

Baadaye tulisoma kwamba watu wenye ujuzi kuliko sisi walijikwaa mahali hapo hapo. Mwaka 2006, katika mradi huria wa Debian, iliondolewa mistari michache ya OpenSSL kwa sababu chombo cha ukaguzi kilikuwa kikiilalamikia. Aliyeiondoa aliuliza kwanza, akapata jibu la kumtia moyo. Lakini swali halikueleza yote, na jibu halikuchunguza yote. Mmoja kati ya mistari hiyo ndio uliokuwa ukichanganya namba zisizotabirika ambamo funguo za siri huzaliwa. Kosa lilitangazwa Mei 2008. Katika muda wote ule funguo zilizotengenezwa na mashine hizo zilikuwa chache kiasi cha kuhesabika, 32,000 na ushei tu kwa kila aina, na mshambuliaji angeweza kuzijaribu zote. Mistari ilionekana takataka, kumbe ndiyo iliyoshika nyumba.

Basi tufanye nini? Heartbleed inatuonya tusiache vitu vikae tu, na Debian inatuonya tusikate tu. Tulijadiliana sana, na mwishowe tulirudi kwenye Injili, ambayo inayajua mashamba kuliko sisi.

Katika Yohane sura ya 15, Baba ni mkulima anayekata matawi yasiyozaa. Kwa hiyo kukata ni kazi takatifu, na anayekataa kukata kabisa hatunzi mzabibu. Katika Mathayo sura ya 13, watumishi wanataka kung'oa magugu upesi, na mwenye shamba anawazuia, kwa sababu anajua kwamba jicho lao bado haliwezi kuyatenganisha na ngano. Bwana huyo hasemi kwamba magugu ni mema. Anasema kwamba watumishi wanaweza kukosea. Na katika Luka sura ya 13 kuna mtini usiozaa kwa miaka mitatu. Mwenye shamba anaamuru ukatwe. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi, lakini haombi mwaka mtupu: ataupalilia, atautia mbolea, kisha ataamua. Tunaona hapo kwamba subira ya Kikristo ina jembe mkononi, na ina tarehe.

Kutokana na hayo tumejiwekea desturi tatu. Kwanza, hatuondoi kipande chochote mpaka tuweze kusema kiliwekwa kwa nini. Kama hakuna kati yetu anayejua, tunatafuta aliye mzee kuliko msimbo na tunamwuliza ana kwa ana, tukimweleza waziwazi tunachotaka kukifuta. Pili, tunatangaza kwa parokia zote kwamba kipande fulani kitaondolewa, na tunasubiri kutoka Pasaka hadi Majilio. Katika muda huo kipande hicho kinaandika alama kila kinapotumika. Tatu, kila tunachokiacha tunakiandikia sababu, na kila tunachokikata tunakiandikia pia. Kwa njia hiyo tumekwisha kuondoa kipande cha disketi na kile cha mashine ya kuchapia, pamoja na vingine vingi. Makatibu walitujibu kwamba mashine zile zilikufa zamani, nasi tukakata kwa amani. Programu sasa ni ndogo kuliko ile tuliyoisafisha kwa haraka, maana anayejua sababu hukata kwa mkono usiotetemeka.

Vijana wapendwa, wengi wenu hamtaandika programu. Lakini mtapokea kwaya, jumuiya, chama, siku moja hata familia, na ndani yake mtakuta mambo yasiyo na maelezo: sala inayosaliwa mahali isipotarajiwa, mchango wa pili katika Jumapili fulani, jina linalotajwa kila mwaka katika Misa ya marehemu na hakuna anayemkumbuka mwenye jina. Mengine yamekufa kweli, na kuyabeba ni kumchosha bure anayekuja nyuma yenu. Mengine ni mlango wa mtu mmoja ambaye hajafika bado. Kwa macho huwezi kuyatofautisha. Itakubidi uende kwa Mwalimu wa parokia yako, ukae chini, umwulize angali hai.

Nanyi wazee mnaosoma ukurasa huu pamoja na watoto wenu, tunawaomba jambo moja. Hatari ile imekwisha. Yaandikeni.

Juu ya mistari ile 41 sasa kuna mistari mingine tisa, ambayo kompyuta haiisomi, kwa kuwa imeandikwa kwa ajili ya mwanadamu. Inaeleza mwaka 1972 na mwaka 1990, inaeleza daftari na safu ya pembeni, na inamalizika hivi: Usifute kabla mtu wa mwisho aliyebatizwa katika miaka hii hajazikwa kwa jina lake.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni desturi gani katika parokia yetu ambayo hakuna kijana anayejua sababu yake? Nani anaweza kutueleza, na tutamwendea lini?

2. Je, kuna jambo tunaloliendeleza kwa woga tu wa kulikata, ingawa sote tunajua limekwisha kazi? Ni nani analemewa nalo?

3. Tulipofanya uamuzi wetu wa mwisho katika kikundi, tuliwaweka akina nani mbele ya macho yetu, na akina nani hatukuwaona?

Tusali

Ee Bwana, mtunza shamba mwenye subira, utupe mkono unaokata na sikio linaloulizia. Uwakumbuke wote ambao majina yao yaliandikwa pembeni, na usituache tuwafute. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.